Mwenzako anamwaga chakula kwenye meza mnayotumia pamoja: fanya hivi

Swali hili haliishi. Kijana anaanza kazi, anapewa nusu ya meza, na wiki ya pili ananifuata koridoni na sauti ya chini: "Dada, yule mwenzangu anakula palepale tunapofanyia kazi. Makombo ya chapati yamejaa kwenye kibodi, mafuta ya samaki yako kwenye mafaili. Nimwambieje tusigombane?" Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno. Sasa naliandika, ili anayelihitaji alisome kwa utulivu.

Mimi ni mtunza kumbukumbu. Nina miaka 12 kwenye masjala hapa Dar es Salaam, watu wanne kwenye meza mbili, kabati za majalada zimetuzunguka pande zote. Siku moja nilifungua jalada la mzee aliyekuwa anafuatilia mafao yake. Barua yake ya kwanza ya ajira, karatasi isiyo na nakala, ilikuwa imelowa mchuzi upande wa sahihi. Aliyeimwagia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na njaa, kazi zilikuwa zimemjaa, na hakuwa na mahali pengine pa kulia.

Hilo la mwisho ndilo nataka ulishike kabla hujafungua mdomo. Mara nyingi mtu anachafua meza ya kazi kwa sababu hiyo meza ndiyo mahali pekee alipo napo. Ukianza kwa kutafuta mahali pa kulia, mazungumzo yenyewe yatakuwa mafupi. Ukianza na namna anavyokula, umegusa malezi yake na mama aliyemlea, na hapo hata ukiwa na haki hatakusikia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo, na siku tatu hadi tano za kutazama bila kusema kitu.
- Ndoo ya taka yenye mfuniko. Ile ya wazi iliyo chini ya meza ni ya karatasi tu.
- Trei au sinia dogo. La plastiki linatosha.
- Kitambaa cha kufutia, sabuni ya maji, na brashi laini. Brashi mpya ya kupakia rangi inafaa sana kwa kibodi.
- Pembe moja ya ofisi inayoweza kuwa mahali pa kulia, hata kama ni stuli mbili na meza ya kukunja.
- Ufahamu wa saa yenu ya mapumziko.

Hiyo ya mwisho watu wanaidharau. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 mapumziko ya angalau dakika 60. Nimeona ofisi ambazo saa hiyo ipo kwenye karatasi tu: simu zinaita saa saba mchana, wateja wamepanga foleni, na mtu anakula mkono mmoja huku mwingine unagonga mhuri. Katika hali hiyo chakula lazima kimwagike. Kama kwenu ni hivyo, tatizo lako limeanzia mbali na meza ya mwenzako, na hatua ya 3 ndiyo utakayoitilia nguvu zaidi.

Hatua kwa hatua

1. Tenganisha madhara na maudhi.

Kwa siku hizo chache andika unachokiona: saa, chakula, kilichobaki mezani. Kisha gawa mafungu mawili. Makombo, mafuta kwenye karatasi, mabaki yaliyolala hadi kesho, chai iliyomwagika karibu na kompyuta: hayo ni madhara, yanaharibu kazi na yanaita wadudu. Sauti ya kutafuna, harufu ya dagaa, namna anavyolamba vidole: hayo ni maudhi, yanakukera wewe.

Nenda na madhara peke yake kwenye mazungumzo ya kwanza. Kanuni za madhara zikikubalika, maudhi mengi yanahama pamoja na sahani. Kuhusu sauti ya kutafuna, fahamu kwamba wapo watu ambao kwao sauti hiyo inaleta hasira au wasiwasi mkali usiolingana na jambo lenyewe. Hali hiyo inaitwa misofonia, jina lililoanza kutumika mwaka 2001. Kama ni wewe, kaa mbali kidogo wakati wa chakula au vaa vizibo vya masikioni, na ukimweleza mwenzako, ieleze kama hali yako wewe.

2. Safisha upande wako kwanza.

Fungua droo yako. Karanga za mwezi uliopita, pakiti ya biskuti iliyo wazi, kikombe chenye duara la chai chini: toa vyote. Futa meza yako kwa maji ya sabuni, kisha kwa kitambaa kikavu. Ukiruka hatua hii, neno la kwanza utakalojibiwa litakuwa "mbona na wewe", na litakuwa la kweli.

3. Tafuta mahali pa kulia kabla ya kusema na mtu.

Nenda kwa msimamizi na ombi, usiende na mashtaka. Usitaje jina. Sema hivi: "Naomba turuhusiwe kuweka meza ndogo pale karibu na dirisha, iwe ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, ili majalada yasipate madoa." Ombi la aina hiyo halina mtu wa kumtetea wala wa kumlaumu, na mara nyingi linakubalika siku hiyohiyo.

Pembe nzuri iko mbali na karatasi na nyaya, karibu na dirisha, na ikiwezekana karibu na maji ya kunawa. Weka pale ndoo yenye mfuniko. Weka na sabuni. Ofisi ikiwa finyu kiasi kwamba hakuna pembe, kubalianeni kipande kimoja cha meza ambacho kuanzia saa saba kamili hadi saa nane hakiwekwi karatasi wala kompyuta. Kifunikeni kwa kitambaa cha plastiki, kikunjwe baada ya chakula.

Kama saa ya mapumziko inamezwa na wateja, omba zamu: wawili wanakula, wawili wanahudumia, kisha mnabadilishana. Kwetu zamu zilipunguza madoa kuliko tangazo lolote.

4. Zungumza naye, faragha, akiwa ameshiba.

Usiseme wakati anakula. Kwetu mtu akiwa na sahani mbele yake anakukaribisha, na ukimjibu "karibu" yake kwa lawama umemvunjia heshima mbele ya chakula chake. Usiseme akiwa na njaa pia. Alasiri, kazi zikipungua, mwombe mtoke nje kidogo.

Kama mnalingana umri:

"Kaka, samahani, kuna jambo linanisumbua na nimeona nikwambie wewe mwenyewe. Makombo yanaingia kwenye kibodi tunayotumia wote, na jana nimekuta sisimizi kwenye droo ya majalada. Nimeomba ile meza ya dirishani, tumeruhusiwa. Naomba vyakula vya mchuzi tuwe tunakula pale, na mimi nitafanya hivyohivyo."

Kisha nyamaza. Mwache ajibu, hata akichukua muda.

Kama ni mkubwa kwako kwa umri, salamu ndiyo mlango:

"Shikamoo mama. Naomba unisaidie jambo. Majalada yetu yameanza kupata madoa na sisimizi wameingia. Tukihamishia chakula pale dirishani tutapona. Wewe ukianza, sisi wadogo tutafuata."

Hapo hujamdanganya na hujamtuhumu. Amesikia madoa, amesikia sisimizi, na amepewa nafasi ya kuongoza. Kama hata hivyo moyo wako unasita, mtafute mtu wa makamo yake anayeheshimika ofisini akuwakilishe. Hilo si woga, ni njia yetu ya siku zote ya kupeleka neno zito kwa mkubwa.

*Makosa ninayoyaona kila mara katika hatua hii:*

Kuandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi "wenzetu wengine tujirekebishe". Kila mtu anajua ni nani, naye anajua kwamba kila mtu anajua. Nimeona watu wakiacha kusalimiana kwa mwaka mzima kwa sababu ya ujumbe wa namna hiyo.

Kusema "wote tunalalamika". Hata kama ni kweli, unamfanya aone kwamba amesengenywa. Sema la kwako.

Kutaja chakula chenyewe. Dagaa, samaki mkavu, mlenda, kisamvu: hivyo ni vyakula vya nyumbani kwa mtu, vina kabila na vina mkoa. Zungumzia karatasi na meza. Ukisema "hicho chakula chenu", umefungua ugomvi mwingine usioweza kuufunga.

Kufuta meza yake huku unaguna ili aone. Ataona, na atanuna.

5. Kubalianeni kanuni chache, zisizidi nne.

Zetu ni hizi, unaweza kuzichukua zilivyo:

Chenye mchuzi au mafuta kinaliwa kwenye meza ya chakula tu. Wali maharage, chipsi mayai, samaki, urojo, vyote huko.

Kikavu kikiliwa mezani, kiwe juu ya trei. Andazi, chapati, muhogo wa kuchemsha. Angalia hasa bahasha za kaki. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, vitafunwa vingi vinakuja kwenye karatasi, na karatasi inapitisha mafuta. Bahasha ya sambusa ikikaa dakika chache tu juu ya jalada inaacha duara lisilotoka. Iende kwenye trei moja kwa moja.

Chai na kahawa viwe kwenye kikombe chenye mfuniko, upande wa pili wa mkono unaoandika.

Taka za chakula na mabaki vinatoka ofisini kabla ya watu kuondoka. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa 2. Huo ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani, na kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari mimi siuchezei. Hotpoti iliyosahaulika droo ya chini tangu Ijumaa utaijua Jumatatu ukifungua mlango.

6. Siku ya kwanza, safisheni pamoja.

Usimwachie peke yake, itakuwa adhabu. Nusu saa inatosha.

Kibodi ya mezani: zima kompyuta, chomoa kibodi, igeuze kichwa chini, igonge kidogo kwa kiganja, pitisha brashi kati ya vitufe, kisha futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na spiriti. Usimimine spiriti wala maji juu ya vitufe. Kipanya cha kompyuta kifutwe vilevile, kwa maana mafuta ya vidole yanakaa pale kuliko mahali pengine popote.

Meza: maji ya sabuni kwanza, kisha maji matupu, kisha kikavu. Inua kila kitu, hata simu ya mezani, kwa sababu chini yake ndiko makombo yanakojificha. Toeni droo zote nje na mpitishe ufagio nyuma yake.

7. Mpe wiki mbili.

Mazoea ya miaka hayaondoki kwa siku moja. Akisahau mara moja, msogezee trei, umwambie "chukua hii kaka", basi. Akifanya vizuri, mshukuru, na shukrani iwe ya kweli. Siku ya kwanza jirani yangu wa meza alipobeba sahani yake kwenda dirishani mwenyewe, nilibeba ya kwangu nikamfuata, tukala pamoja. Tangu hapo sikuhitaji kusema tena.

Mambo yakikwama

*Amekasirika.* Usijitetee wala usirudie maneno. Sema "samahani kama nimekosea namna ya kusema", kisha subiri siku mbili tatu. Endelea kumsalimia kila asubuhi kama kawaida. Wengi wanarudi kimyakimya na trei yao.

*Anakubali, kisha anarudia kila siku.* Baada ya wiki mbili, zungumza mara ya pili, ukiwa na daftari lako: "Tulikubaliana hivi, wiki hii imetokea mara tatu, na jalada moja limepata doa." Ikishindikana mara hiyo pia, peleka kwa msimamizi, ukimjulisha mwenzako kabla kwamba unapeleka. Peleka tarehe na madhara. Usipeleke tabia.

*Ni bosi.* Usimkabili peke yako. Tumia ombi la ofisi nzima la hatua ya 3, na uombe kwamba majalada yanayopelekwa mezani kwake yaende ndani ya bahasha ngumu au folda ya plastiki. Nimefanya hivyo kwa miaka, na hakuna aliyeona vibaya.

*Anakula mara kwa mara kwa sababu ya afya.* Mwenye kisukari anaweza kulazimika kula saa ambayo si ya mapumziko, na mjamzito vilevile. Usimuulize sababu. Trei na ndoo yenye mfuniko vinatosha, na kanuni ya saa isimhusu.

*Harufu haitoki.* Viyoyozi vingi vya ukutani vinazungusha hewa ileile ya ndani, haviingizi mpya. Kizime, fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika 10 hadi 15, kisha ukiwashe. Manukato ya kupuliza yanaongeza harufu ya pili juu ya ya kwanza.

*Sisimizi wamepanga mstari.* Wanafuata njia ya harufu waliyoiweka wenyewe. Kuwaua pekee hakusaidii. Futa njia nzima kwa maji ya sabuni, kuanzia chakula hadi ufa wanakotokea, kisha toa chakula chenyewe.

*Mende wadogo wa rangi ya kahawia.* Hapo usichelewe. Jike mmoja wa aina hiyo hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, na wanapenda joto, kwa hiyo utawakuta ndani ya printa na nyuma ya kompyuta. Usipulize dawa kwenye vifaa hivyo. Tumia chambo cha jeli, matone madogo kwenye kona na bawaba za kabati, na usipulize dawa nyingine karibu na chambo, maana watakikwepa. Chambo hakitafanya kazi kama makombo bado yapo. Hawataacha chapati wakale dawa.

*Chai imemwagika kwenye kompyuta mpakato.* Zima papohapo kwa kubonyeza kitufe na kukishikilia, chomoa chaja, na kama betri inatoka, itoe. Ifungue na uisimamishe kichwa chini kama paa la nyumba ili chai itoke ilikoingilia. Usiiwashe "kujaribu kidogo", usitumie mashine ya kukaushia nywele, na usiifukie kwenye mchele. Chai ya maziwa na sukari inaganda ndani, kwa hiyo hata ikionekana imekauka ipeleke kwa fundi aifungue na kuisafisha. Mwambie ukweli kwamba ni chai yenye sukari.

*Karatasi imelowa mchuzi au mafuta.* Usisugue, na usitie maji. Gandamiza kwa tishu safi, badilisha tishu hadi isipate unyevu tena. Kama ni mafuta matupu, nyunyiza unga wa mahindi au poda, acha usiku kucha, asubuhi pangusa kwa brashi laini. Ikaushe kivulini, kwa sababu jua linakunja karatasi na kufifisha wino. Kisha tengeneza nakala mara moja, andika kwenye nakala tarehe na kilichotokea, na uirudishe karatasi halisi kwenye jalada ikiwa katikati ya karatasi mbili nyeupe, mafuta yasihamie kwa jirani yake.

Barua ya yule mzee tuliifanyia hivyo, mimi na aliyeimwagia, tukiwa tumekaa meza moja. Sahihi ilibaki inasomeka.